Udongo Usiochekechwa

Nilikuwa ndiyo kwanza nang'oka meno ya mbele, pale Pangani, walipokuja watu wa mambo ya kale kuchimba nyuma ya mtaa wetu. Walifunga kamba kwenye nyua za majirani, wakagawa miraba, wakaanza kushuka chini taratibu kwa mwiko wa fundi uashi, hata tukawacheka. Walichokuwa wakikitafuta kilituchekesha zaidi: mashimo ya taka. Watu walioishi pale mamia ya miaka iliyopita walitupa humo miba ya samaki, makombe ya chaza na vigae vya vyungu, na sasa watu waliosoma wanaviosha kwa mswaki! Kila ndoo ya udongo ilipitishwa kwenye chekeche, isije ikapotea hata shanga moja.

Kicheko changu kiliisha walipofika uani kwetu. Pembeni, penye mkomamanga, ndipo kilipozikwa kitovu cha mama. Hivyo ndivyo alivyoniambia Bibi, mama yake mama, siku mama alipoondoka kwenda kufanya kazi za ndani Maskati nami nikagoma kula. Alinishika mkono akanipeleka mpaka pale.

"Kitovu cha mamako ki hapa, kimefungwa kitambaa na ushanga wa buluu. Maadamu kimekaa salama, atarudi tu. Kikifukuliwa, ndiyo atapotelea huko huko."

Kuanzia hapo nikawa na kazi. Kila nikitoka chuoni kusoma Kurani nilimwagia pale kata ya maji, nikamweleza mama habari za siku: nani kachapwa na mwalimu, nani kang'oka jino. Simu ya Maskati ilikuja kwa nadra, na ikija kila mtu anaigombea. Pale mkomamangani mama alikuwa wangu peke yangu.

Mkuu wa wachimbaji alikuwa Msambaa wa Lushoto, tukimwita Dada Neema. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaketi, akaeleza kwamba shimo kubwa kuliko yote linapita chini ya ule mkomamanga.

"Chimbeni kote," Bibi akasema. "Pale hapana."

"Kuna nini, Bibi?"

"Pana kitovu cha mwanangu. Na mwanawe huyu hapa anamngoja."

Dada Neema akanitazama, wala hakubisha. Wakachimba kuzunguka, wakaacha nguzo ya udongo imesimama katikati ya shimo, mkomamanga umekaa juu yake kama kilemba. Nikawa napita mtaani nikiringa.

Kisha zikaja mvua za vuli. Adhuhuri moja nilisikia kishindo, nikakimbilia uani. Nguzo imelala, mkomamanga mizizi juu. Nilipiga yowe, nikiulilia ushanga wa mama, mtaa mzima ukatoka. Nilikuwa na hakika kwamba nimempoteza mama, na hofu ile sijapata kuionja tena.

Dada Neema alishuka shimoni, matope mpaka magotini.

"Usilie, mdogo wangu. Tutauchekecha udongo wote, polepole. Ushanga tutaupata, na tutauzika upya."

Roho ikanirudi. Lakini Bibi akapaza sauti kama nisivyowahi kumsikia.

"Msichekeche!"

"Bibi, ushanga wa mama..." nikaanza.

"Miye nimesema msichekeche! Kitu kile hakitazamwi juani. Udongo haujenda popote, umeshuka tu. Ufukieni hapo hapo."

Dada Neema akauangalia ule udongo uliolala wazi, kisha akamwangalia Bibi. Akawaambia wenzake waweke chekeche kando, akashika koleo yeye mwenyewe. Mkomamanga wakausimamisha, wakaufunga kwa zile kamba zao za miraba. Bibi akafukiza ubani, akanipakata na matope yangu yote.

Mama alirudi. Si mwaka ule, lakini alirudi, na mkomamanga ulikuwa umeshika. Nilimvuta uani hata buibui hajavua, nikamsimulia yote kwa pumzi moja. Bibi alikuwa mlangoni. Mama akamtazama, kisha akainama akaugusa udongo. "Ahsante kwa kunitunzia," akaniambia.

Bibi alipofariki tulimzika kijijini kwao, Mwera. Siku ya matanga tulikuwa barazani, mama akanionyesha mnazi mrefu ulioinamia njia.

"Kitovu changu ki pale. Tulihamia mjini nimeshaanza shule."

"Na mkomamangani?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Hapajazikwa kitu pale, mwanangu. Wewe ulikuwa huli."

Siku hiyo ndipo nilipolielewa lile yowe la Bibi. Yeye alijua chekeche lisingetoa ushanga wowote, na mimi ningesimama pale nikitazama udongo mtupu. Nadhani Dada Neema naye alijua. Kazi yake ilikuwa kuusoma udongo, na ule ulipolala wazi aliona kwamba tangu watu wale wa kale wafukie shimo lao la taka hakuna mkono uliowahi kuchimba pale. Akaufukia bila kusema neno, na hilo nampendea mpaka leo.

Mkomamanga bado unazaa. Kila nikienda Pangani nateka kata ya maji, naumwagia, nasema habari za siku. Najua hapana kitu pale. Namweleza Bibi.