Mashahidi Niliowakusanya

Mume wangu alikuwa fundi redio mtaa wa Gongoni, Tabora, na mimi nilikuwa mdomo wake. Yeye angeweza kushinda kutwa nzima bila kutamka neno zaidi ya "nipe bisibisi". Mteja akileta ubishi, nilitoka mimi. Jirani akimwaga maji machafu mbele ya karakana yetu, nilitoka mimi. Zamani nilijisifu kwa hilo.

Mama yake alipopata kiharusi tulimleta kwetu, na kelele zikawa adui yake. Hata kijiko kikigonga sufuria alikunja uso. Redio ikazimwa. Tulikuwa tumezoea kuisikiliza wawili baada ya chakula cha mchana, mimi nikichambua mchele na kugombana na watangazaji, mume wangu akinicheka chinichini. Akahangaika na vifaa vyake miezi kadhaa. Siku moja akanivisha hedifoni isiyo na waya, akavaa ya kwake, akawasha redio. Tukasikia sote neno kwa neno, kwa wakati mmoja, na mgonjwa amelala zake. Hedifoni zilizouzwa mjini wakati ule zilimhudumia mtu mmoja. Ukilazimisha ya pili, mmoja hucheka mwenzake ameshamaliza kucheka. Yeye alipata njia ya kuzipeleka mbili sambamba. Nililia.

"Usilie, utalowesha mitambo," akasema.

"Hii lazima uipeleke Nanenane, baba watoto."

"Chema chajiuza."

"Kitajiuza vipi kikiwa kabatini?"

Nikamshinda, kama kawaida yangu. Tuliipeleka kwenye maonyesho, watu wakapanga mstari kuivaa wawili wawili. Walimu wa ufundi waliuliza imeungwaje, akawafungulia na kuwaonyesha mpaka ndani. Mzee wa Kihindi mwenye duka mtaani kwetu alikuja na mkewe, wakakaa nayo mpaka tukawaomba waivue. Tulifika nayo hadi mnadani Nzega. Mume wangu aliamini kuwa kumficha mtu elimu ni dhambi, hivyo kila aliyeuliza alijibiwa.

Ilipita miaka mitatu ndipo mpwa wake aliyesoma Dar es Salaam akamwambia aombe hataza, yaani hati ya serikali inayosema kitu hiki umekibuni wewe, asikitengeneze mwingine bila idhini yako. Aliomba, akaipata, akaitia kwenye fremu na kuitundika kando ya picha ya baba yake. Hazikupita siku nyingi, kampuni moja ya Dar ikaanza kuuza hedifoni za wawili, zenye njia ile ile, na maboksi yakiisifia kampuni kwa ubunifu wake. Mume wangu, mtu asiyegombana hata na kuku, akafungua kesi.

"Sitaki makubwa," aliniambia. "Waandike tu kwamba ni mimi niliyeifikiria."

Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Ukoo wa mume wangu ulifika Tabora na misafara ya zamani, ukajenga Gongoni bila karatasi yoyote. Mtu mmoja alipojaribu kukidai kiwanja chetu, mama mkwe alishinda kwa sababu wazee saba walisimama na kusema, "Tulimwona marehemu mumewe akichimba msingi." Kwetu ndivyo mambo yalivyo. Ndoa ina mashahidi, kiwanja kina mashahidi, na kitu walichokiona wengi hakinyang'anyiki. Basi nikapita nyumba kwa nyumba mpaka Ntalikwa, nikipigiwa shikamoo na kupiga shikamoo, nikakusanya sahihi za watu kumi na wanne walioiona hedifoni ile kwa macho yao. Nikaongeza picha za Nanenane, nikatia vyote kwenye bahasha. Wakili wetu aliniambia kwenye simu nijibu kwa ufupi nitakachoulizwa. Habari ya bahasha yangu sikumgusia. Nilitaka kumfurahisha siku yenyewe.

Mahakamani Dar, wakili wa kampuni alikuwa mpole sana. Aliniuliza, "Mama, una hakika mumeo alikuwa na kitu hiki miaka yote hiyo? Kuna aliyekiona?"

Kuna aliyekiona! Nikafungua mkoba. Nikawataja wote kumi na wanne. Nikaeleza mstari wa watu, walimu wa ufundi, mnada wa Nzega, jinsi alivyokifungua kila mtu akatazama ndani. Nilimwona wakili wetu akiinamisha kichwa, nikadhani ananisikiliza kwa makini. Yule mpole akasema, "Ahsante sana, mama," akaketi.

Sheria ilikuwa hivi: kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani miaka mitatu kabla ya kuombewa hataza si kipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza. Kila shahidi niliyemleta alikuwa ameshuhudia dhidi yetu. Hataza ikafutwa, na njia ile ikawa ya yeyote atakaye. Ulimi uliponza kichwa, walisema wahenga. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Kwenye treni ya kurudi sikuweza kumtazama. Tulipopita Dodoma nikamwambia, "Nimekuua."

"Umesema kweli," akanijibu. "Ungesema uongo ndiyo ningekasirika."

Hakulizungumza tena. Aliitoa fremu ukutani, akazifunga hedifoni zetu mbili kwenye kitambaa na kuziweka juu ya kabati. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kelele hazikukatazwa tena, lakini redio yetu haikuwashwa. Alitengeneza za watu tu. Baada ya chakula cha mchana alikwenda kulala, na mimi nikachambua mchele peke yangu. Nilitamani anigombeze. Mwaka uliofuata presha ilimchukua.

Siku ya maziko tulikaa ndani sisi wanawake, jeneza likiwa barazani. Nilimsikia imamu akiuliza waliohudhuria, kama ilivyo ada, "Mnamshuhudia vipi marehemu huyu?"

"Mtu mwema!" wakaitika.

Akauliza tena, wakaitika tena. Nilizitambua sauti: mzee wa duka, mafundi wa mtaa wa pili, wale wa Ntalikwa. Walikuwa wale wale walionitilia sahihi. Ilipofika mara ya tatu, wanawake walionizunguka wakaitika nao kwa sauti ya chini. Nilifungua mdomo ili nami nimshuhudie mume wangu, na ulimi ukagoma. Jeneza likainuliwa, likaondoka bila neno langu.