Mzigo Umefika

Mimi ni fundi cherehani hapa Same mjini, na hasira zangu ziko karibu, anayenijua anajua. Kwa hiyo siku ile dada wa duka la dawa aliponiletea kipimo cha mimba mbele ya watu, nilimwambia, "Si hicho. Mimba ingekuwepo ningekuja kufanya nini huku? Nataka cha kupima yai." Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwani siku hizi mayai nayo yanapimwa, si mtu analivunja tu akaona. Yule dada alicheka mpaka akashika kaunta. Hakuwa nacho, akaniagizia kutoka Moshi.

Nilikuwa nataka mtoto. Niseme tu hivyohivyo, bila kuzunguka. Tulikuwa tumeingia mwaka wa tatu wa ndoa, na kila nilipoona siku zangu nililia. Nesi alituambia hakuna tatizo analoliona, ila huenda tunapishana na yai. Mume wangu ananunua tangawizi kule Mamba, kijijini kwao, anashinda huko milimani kuliko nyumbani. Yai likipevuka, yeye yuko juu anafunga magunia. Akishuka, yai limeshajiendea zake.

Vile vipimo ni vijiti vyembamba vya karatasi. Unachovya kwenye mkojo, unasubiri. Mstari mmoja unatokea kila siku, huo wa kukuambia kijiti ni kizima. Wa pili ndio wenye maneno: ukikolea kama mwenzake au kumzidi, yai linakaribia kutoka, mwite mwenye nyumba haraka. Maelekezo yanasema usinywe maji mengi kabla ya kupima. Aliyeyaandika hajawahi kukaa Same kwenye jua la mwezi wa pili! Nashona koo limekauka, mteja ananiuliza dada mbona umenuna, namjibu kwa kichwa. Na kijiti chenyewe kina maringo. Leo mstari hafifu, kesho hafifu, nakigeuzageuza dirishani nakigombeza, "Wewe, kolea basi!"

Tulihitaji neno la siri, maana mume wangu akiwa Mamba simu yake anapokea yeyote aliye karibu. Akasema, "Wewe sema tu mzigo umefika. Mimi mtu wa biashara, nani atashtuka?" Nikaona nimeolewa na mwenye akili.

Siku mstari wa pili ulipokolea, nilipiga simu hapohapo. Akapokea mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko kule chini anapima tangawizi."

"Mwambie mzigo umefika. Ashuke leo hiihii, mama, ukikaa unaharibika."

"Umefika? Wote?"

Nikaduwaa. "Ndiyo, mama. Wote."

"Mungu mkubwa!" akasema, akakata simu.

Sikujua kwamba kikundi chao cha wakulima, ambacho mama mkwe ndiye mwenyekiti, kilikuwa kinasubiri mbolea iliyoagizwa kupitia mume wangu. Ilikuwa imechelewa mpaka watu wameanza kununiana.

Mimi huku nimeoga, nimetandika shuka la wageni, nimejifunga kanga mpya. Alasiri nikasikia gari, nikatoka na tabasamu langu. Lo! Pikapu. Mama mkwe yuko mbele, na nyuma wamejaa wanakikundi, wanaume kwa wanawake, na kamba na turubai, vumbi la barabara ya Kisiwani limewakaa mpaka kwenye kope. Mume wangu akashuka wa mwisho, haniangalii usoni.

"Kwa nini hukuwazuia?" nikamnong'oneza.

"Niliwaambia si mbolea. Wakauliza basi ni mzigo gani. Ningejibu nini, na mama amesimama pale?"

Ningemmeza mzimamzima. Nikawapakulia makande yaliyokuwa jikoni, wakala, wakasifu, halafu wakaanza kuzunguka nyumba wakitafuta mbolea. Mmoja alichungulia hadi bandani kwa kuku. Mama mkwe akauliza kwa sauti ya mkutano, "Mzigo mmeuweka wapi?"

Nikamshika mkono nikamwingiza chumbani, nikamwonyesha kijiti. Akaona mistari miwili, macho yakamtoka. Mistari miwili anaijua, mabinti zake wameshamwonyesha ya kwao. Akavuta pumzi apige kigelegele, na mimi, mkwe mtu, nikamziba mama mkwe mdomo kwa kiganja! Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, sina mimba. Hiki si cha mimba. Kinasema yai liko karibu kutoka, na mwanao awe nyumbani leo. Mzigo wenyewe ndio huo."

Akakaa kitandani, juu ya shuka langu la wageni.

"Kumbe mnatafuta," akasema.

"Tunatafuta, mama. Muda wote huu."

"Mimi nilijua unameza vidonge. Nilisema huyu mtoto wa mjini hataki kumzalia mwanangu. Nimekununia, mwanangu, wala hukujua."

Nilikuwa najua. Kila nilipopanda Mamba niliona anavyowapakulia wengine kwanza, na iliniuma sana. Nikamwambia hivyo, nikalia, naye akanifuta machozi kwa pindo la kanga yake, kwa nguvu kama anafuta sufuria.

Kisha akasimama, akaenda sebuleni. "Jamani, nilisikia vibaya. Mbolea bado. Twendeni."

"Si tupumzike kidogo, mwenyekiti?"

"Twendeni, giza litatukuta mlimani. Huyu kijana anabaki, ana kazi."

"Kazi gani?" akauliza mwenye kamba.

"Ya mke wake," akasema, na hakuna aliyeuliza tena. Wanawake walipanda gari wakifinyana, mume wangu akajifanya anakagua tairi.

Mwezi ule siku zangu zilikuja kama kawaida. Nililia, kisha nikampigia mama mkwe.

"Mama, hatukupata."

Nikasikia anapenga kamasi.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kikikolea tena, huyo mwanangu usimpigie, atakuletea kijiji kizima. Nipigie mimi, na useme yai. Nitamshusha mwenyewe, hata kwa fimbo."