Begi la Mhadhiri wa Jumanne

Katibu muhtasi wa idara alikuwa na swali moja lililomnyima raha: begi la mhadhiri wa Jumanne lina nini? Wahadhiri wa kudumu huingia mikono mitupu, wakichezesha funguo za ofisi zao vidoleni. Huyu wa kufundisha kwa saa huinama kusaini daftari begi likiwa begani, na kusema kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "Dada, naomba ufunguo wa darasa." Akimaliza kipindi, vidole vyeupe kwa chaki, huupangusa ufunguo kwa leso na kuutundika mwenyewe msumarini.

"Si ulitue begi upumue, mwalimu?"

"Nimeshazoea, dada."

Jumanne moja simu ya mhadhiri iliita akiwa palepale mezani pa katibu. Walikuwa watu wa chuo kipya, mkoa wa mbali, alikoomba kazi. Katibu akajifanya anapanga karatasi, masikio kayatega. Hakumsikia akiuliza mshahara. Aliuliza, "Na ofisi zipo? Zenye kabati?" Akasikiliza, akatabasamu, na kwa mara ya kwanza akalitua begi sakafuni. Likatoa mshindo wa vitabu, hata kikombe cha chai kikatikisika. Kumbe mtu wa watu anatembea na ofisi nzima begani! Katibu akaanza kutafuta maneno ya kumpongeza.

"Ahaa," mhadhiri akasema taratibu kwenye simu. "Ofisi ni za wa kudumu. Mimi mnanitaka kwa saa." Akacheka kidogo, kwa adabu, huku mkono wake ukishuka kuutafuta mkanda wa begi.