Hatua Kumi na Tisa Kutoka Mlango wa Jikoni

Ijumaa moja ya Machi 2014, zamu ya kufundisha darasa la kina mama kanisani ilimwangukia Nasimiyu, mtumishi wa nyumbani mtaani Al Mansoura, Doha. Nasimiyu ni Mmormoni. Alibatizwa Nairobi kabla ya kuja Doha. Somo lilihusu familia za mwanzo za kanisa lake, zilizovuka Amerika kwa mikokoteni kuelekea magharibi zikizika watoto njiani.

Alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Baadhi yao walizika, wakawasha moto juu ya kaburi, kisha wakapitisha magurudumu hapo ili mbwa mwitu wasinuse. Halafu wakaondoka.

Jerusha, msafishaji wa hoteli, akauliza, "Sasa dada, huyo mama akirudi atapajuaje?"

Nasimiyu alifunga kitabu. Wote walijua habari za mwanawe Job, aliyekufa kwa malaria huko Bungoma miaka miwili nyuma, akiwa na miaka mitatu. Mwajiri alikuwa safarini, na bila sahihi yake hakukuwa na ruhusa ya kutoka nchini. Sahihi ilipopatikana, mtoto alikuwa na siku tisa kaburini. Nasimiyu hakwenda tena.

Kijijini kwao kaburi la mtoto mdogo halijengewi saruji. Huachwa lishuke, na baada ya misimu michache jembe hupita. Machi ni mwezi wa kulima.

Jioni alimpigia mama mkwe wake, Loice. Trekta, aliambiwa, ingekuja Jumatatu. Akaomba shamba la nyuma, alikozikwa Job, liachwe. Loice akamjibu kwamba mahindi ndiyo chakula chao, na kwamba kaburi lenyewe halionekani tena. Anayelijua ni yeye Loice peke yake.

"Basi nihesabie hatua, mama."

"Kwa miguu yangu hii ya kuchechemea, au kwa yako ya Uarabuni?"

Hata hivyo alitoka na simu. Nasimiyu alisikia pumzi zake akihesabu. Zilikuwa hatua kumi na tisa kutoka mlango wa jikoni, kuelekea migombani.

"Nimechomeka kijiti, Mama Job," Loice alisema. "Trekta itazunguka."

Nasimiyu alisimama kwenye mlango wa jikoni kwa mwajiri wake, akaanza kutembea. Hatua ya kumi na nne ilimfikisha ukutani. Akageukia korido, akamalizia tano zilizobaki, akabaki amesimama hapo mpaka mwenye nyumba alipomwita.