Kiu ya Mwanaisha

Juzi kliniki nilimwona mama mmoja akizungumza kwa mikono na mtoto wake kiziwi, mtoto akicheka, na harufu ya zafarani ikanijia ingawa hapakuwa na zafarani pale.

Miaka mingi iliyopita, alasiri moja nyumbani kwetu Muyeye, bibi alileta kombe la kumfungua mtoto ulimi, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa marashi ili zinywewe. Mdogo wangu Mwanaisha alikuwa na miaka minne na alikuwa hajatamka neno. Mimi niliamini ni ukaidi tu. Akitaka maji aliweka kidole gumba mdomoni, nami ndiye niliyekuwa nikimletea.

"Wewe ndiwe unayemharibu," mama aliniambia. "Leo hapewi maji mpaka ayataje. Mshike mikono."

Nikamshika. Bibi akamwekea sahani mdomoni; alilinywa kombe lote kwa kiu, akalamba sahani, kisha akahangaika kuichomoa mikono yake. Mama alipiga magoti mbele yake, machozi yakimtiririka.

"Sema maji, mwanangu. Nakuomba, sema."

Mfereji wa uani ulikuwa ukidondosha matone ndooni, nami nikadhani Mwanaisha anayasikia kama mimi. Nikazidi kukaza.

Sasa najua hakuwa amewahi kusikia hata jina lake, na ile mikono niliyoibana ndiyo maneno pekee aliyokuwa nayo.

Magharibi nilimwachia. Nikamjazia kikombe, nikangoja aweke kidole mdomoni. Akanipita, akainama kwenye ndoo, akanywa kwa viganja. Hakuniomba tena kitu.