Landilodi wetu sasa ni baba wa panki

Nimetoka kuona filamu kuhusu bendi yetu ya panki, ile roki ya kelele, na shujaa wake ni landilodi.

Ndiyo, huyo wa mtaa wa Shieywe, tulikopanga chumba cha mazoezi.
Wakati wa maandamano, mji ukinuka vitoa machozi, alituitia polisi. Eti muziki wa shetani. Akabeba ngoma yangu kubwa, akaenda nayo.

Leo kwenye skrini: "Mimi nilikuwanga baba wa hii bendi."
Huku ameketi, jamani, juu ya ngoma yangu!

Nikasimama. "Mzee, hiyo ngoma ni yangu!"

Ukumbi ukapiga makofi.

Yeye, mgeni rasmi, akachukua maiki: "Keti, kijana wangu. Tuombe."

Wote wakafumba macho.
Wewe ungefumba?