Mashine ya Dhamana Mpaka Maulidi

Shule niliiacha darasa la pili. Nasema mapema ili asije mtu akadhani kuna mahali nilifundishwa injini. Kununua mashine kuukuu ya dizeli ya chomboni nilijifunza kwa kiganja na pua, na mpaka leo namwambia yeyote anayeniuliza: anayenunua kwa kutazama rangi ataibiwa mchana kweupe.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa na mashua yangu mwenyewe. Niliipata baada ya kubeba magunia ya watu mgongoni, hakuna aliyenirithisha kitu. Nikawa naleta chumvi na samaki wakavu Bagamoyo kutoka Saadani. Nahodha wangu alikuwa baba mkwe, mzee aliyeshika usukani tangu mimi sijazaliwa. Siku niliyong'oa mlingoti ili injini ipate nafasi, na tanga nikaliuza, alisimama mchangani akaniangalia.

"Ikikataa njiani, mwanangu, tutaipigia makasia chumvi yote hii?"

Nikamjibu haitakataa. Lakini kweli ni kwamba nilikwisha jifunga. Bila mashine, chombo changu kilikuwa gogo, na watu wa chumvi hawapakii mali kwenye gogo.

Muuzaji alikuwa Mhindi wa Gerezani, Dar es Salaam, mzaliwa wa Pangani, Kiswahili chake safi kuliko changu. Uani kwake zilikaa injini zilizotolewa kwenye vyombo vya watu. Nilimtangulizia salamu kwamba siku nitakayokuja nataka niikute baridi. Wapo wauzaji wanaoipasha moto kabla hujafika, maana injini mbovu ikishapata joto huwaka kama nzima. Nikafika asubuhi, salamu hazijaisha vizuri, nikaweka kiganja juu ya chuma. Baridi. Akacheka, akasema kama nimekwisha mpima mgonjwa homa, nikaribie chai. Sikunywa. Nikachomoa kijiti cha oili nikaisugua vidoleni. Ingekuwa nyeupe kama tui, maana yake maji yameingia, ningegeuka nikarudi zangu. Ilikuwa nyeusi ya kawaida. Nikataka iwashwe, ikawaka bila kubembelezwa, moshi ukaanza mzito ukawa mwepesi. Hapo ndipo nikanywa chai.

Dhamana alinipa kwa mdomo. "Tuko Mfungo Mosi, Ramadhani imetoka juzi tu. Mpaka Maulidi ikikusumbua kwa kosa la mashine, ni juu yangu. Kwa kosa la mkono wako, juu yako."

Masharti yake nikayaweka kichwani: oili nibadilishe kwa wakati, dizeli niichuje kwa kitambaa, na ile risasi ndogo ya muhuri iliyofungwa kwa waya kwenye pampu ya mafuta nisiiguse, ikikatwa na dhamana imekatika. Tukapeana mikono. Karatasi haikuwepo wala sikuitaka.

Mashine ikafanya kazi vizuri hata baba mkwe, aliyekuwa akiiita kelele, akaanza kuipenda. Kuipenda kwake ndiko kulikoleta balaa. Nilikwenda Miono kwenye msiba, nikakaa huko mpaka arobaini ikapita. Huku nyuma mzee akaona chuma kinaanza kutoa kutu kwa ajili ya chumvi. Sasa kwetu pwani chombo kinachoogopewa maji ya chumvi kinapakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa. Ubao wote unapakwa, kapi za kamba zinapakwa. Naye akachukua tambara lake, akaipaka mashine sifa juu mpaka chini, na kila kinachocheza akakinywesha.

Niliporudi tukaenda Saadani, na mashine ilivyopata moto ikanuka papa aliyeoza. Wapagazi wakaziba pua. Baba mkwe akasema ndiyo dawa inaingia. Kumbe sifa ikipata joto inakauka na kuwa gundi. Tulipokaribia Bagamoyo nikavuta mkono wa kupunguza mwendo, haukusogea. Nikavuta wa kuzima, nao umeganda. Chombo kimejaa chumvi, kinakwenda mbio kuelekea kwenye ngalawa za watu. Mzee akakata usukani, tukaanza kuzunguka mbele ya pwani, mimi nimeinama nafunga koki ya dizeli na kusubiri mafuta yaliyobaki kwenye bomba yaishe. Wanawake wauza samaki walikuwa wamejaa ufukweni. Mmoja akapaza sauti, "Mmeangusha pete?" Mwenzake akamjibu kwamba ni harusi, wanamtembeza bwana harusi. Tulizunguka mpaka ikakata yenyewe, tukavutwa kwa kamba mbele ya vicheko vyote vile.

Jioni ile vijana wangu wa chomboni walishauri tuisugue mashine kwa mafuta ya taa mpaka harufu iishe, halafu tumpelekee yule Mhindi madai. Maulidi hayajafika, risasi haijakatwa, atajua nini? Baba mkwe akavaa kanzu yake asubuhi, akapanda basi pamoja nami kwenda Dar es Salaam.

Kule Gerezani yule bwana akamwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba, akaulizana naye habari za Pangani, nani yuko hai na nani ametangulia. Mimi nilidhani amesahau kilichotuleta. Kisha akasema:

"Mashine yako haina kosa. Mimi ndiye niliyeipaka sifa."

"Umeipaka sifa, mzee? Mashine?"

"Nimeipaka. Vyombo nimevipaka umri wangu wote, hakuna kilicholalamika."

Yule bwana akainamisha kichwa mezani, mabega yakimtikisika kwa kucheka. Alipotulia alisema dhamana yake haikufika kwenye ini la papa, hilo ni juu yetu. Lakini fundi wake atakuja kuisafisha, gharama yetu. Nikaona haki.

Fundi akaja, akaiosha kwa mafuta ya taa na kuikwangua kwa brashi ya waya, maana ile gundi haikubali kutoka hivi hivi. Rangi ya kijani nayo ikatoka. Kwenye kichwa cha injini, penye njia ya maji ya kupozea, nikamwona amesimamisha mkono. Akakwangua taratibu, akafunika kwa tambara, akasema tusiiwashe mpaka atakaporudi. Sikulala vizuri. Nilikuwa nauona mlingoti wangu, uliokwisha kuwa boriti za nyumba ya mtu.

Aliyekuja safari ya pili ni muuzaji mwenyewe, na pikapu yake, na nyuma kichwa kingine cha injini kimefungwa kwenye gunia. Akatuita sote wawili, akafunua lile tambara, akatuonyesha ufa uliozibwa kwa lami ya kuzibia chuma na kupakwa rangi juu.

"Sikuujua," akasema. "Aliyeniuzia ndiye aliyeuziba. Lakini hili ni kosa la mashine." Kisha akamgeukia mzee. "Wewe ulikuja kuniambia ambalo nisingelijua. Na mimi nisiposema hili, nitapita Pangani kwa uso gani?"

Kichwa kikabadilishwa bila gharama. Nami nikakaa karibu na fundi nikatazama kila nati inavyofunguliwa na kurudishwa, na toka siku ile sikumwita tena mtu kunifungulia mashine yangu. Ufa ule ungepasukia mbali na nchi kavu, na sisi tumejaa chumvi, hatuna tanga. Maulidi yangekuwa yamekwisha pita. Tambara la baba mkwe ndilo lililoufichua. Nilimshukuru, akaniambia nisimshukuru, nimnunulie tambara jipya.

Mashine ile ilinisomeshea watoto na kunijengea nyumba ya mawe. Maulidi kila yalipofika nilimpelekea yule bwana papa mkavu, naye alimwekea mzee kopo la oili safi kwa ajili ya chuma. Kila mteja aliyeingia pale akapewa masharti: badilisha oili, chuja dizeli, usiguse risasi, na usipake sifa. Wateja wa bara walikuwa wakiuliza sifa ni nini. Siku moja baba mkwe alikuwepo ameketi kwenye benchi, naye akasikia. Akainuka, akatengeneza kofia, akawaeleza mwenyewe.